Pima Mafuta Kabla ya Safari

Hotuba kwa wamiliki na madereva wa magari ya safari za mashambani



Kila tarehe 14 ya mwezi, Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA) hutangaza bei mpya za mafuta, na kila mtu huuliza kama zimepanda au zimeshuka. Wachache huuliza swali la pili: gari langu huenda kilomita ngapi kwa lita moja? Kwa mwenye Land Cruiser au Land Rover kuukuu, iliyoongezwa keria, bampa ya chuma na matairi makubwa, jibu lililo kwenye kitabu cha gari halimfai tena. Kitabu kiliandikwa gari likiwa jipya, bila nyongeza hizo.

Jambo hili si la pesa pekee. Kati ya Marsabit na North Horr vituo vya mafuta ni vichache, na mara nyingi gari la mizigo ndilo humbeba mama mjamzito usiku. Dereva aliyekisia vibaya hugundua kosa lake katikati ya jangwa la Chalbi, mgonjwa akiwa ndani.

Kupima ni rahisi. Jaza tangi mpaka pampu ijikate, kisha andika kilomita zilizo kwenye dashibodi. Ukirudi, jaza tena, kwenye pampu ileile ikiwezekana. Gawanya kilomita ulizosafiri kwa lita zilizoingia. Rudia mara tatu, safari za lami kando na za mchanga kando, kwa sababu gari moja huwa na majibu mawili.

Aliyebadilisha matairi ana hesabu moja zaidi. Tairi la 285/75R16 ni kubwa kuliko la 265/70R16 kwa takriban asilimia 7. Gari likitembea kilomita 429, dashibodi iliyopimwa kwa tairi dogo itasoma kama 400. Kama limekunywa lita 60, mwenyewe ataona kilomita 6.7 kwa lita, kumbe ni karibu 7.2. Kabla ya kumlaumu fundi, linganisha dashibodi na kipimo cha safari cha simu.

Hata hivyo, tairi kubwa lina gharama yake. Ni zito, na injini ya zamani hulazimika kurudi gia ya chini mlimani. Keria nayo hushindana na upepo: ukitoka kilomita 80 kwa saa hadi 100, nguvu ya upepo huongezeka kwa zaidi ya nusu. Keria tupu ishushwe, na mwendo upunguzwe.

Wengi hupunguza upepo wa matairi ili wavuke mchanga wa Chalbi, kisha hufika lami bila kuuongeza. Tairi legevu hula mafuta, hupata joto na linaweza kupasuka. Pampu ndogo ya upepo ni kifaa cha lazima garini.

Mengine ni ya gereji. Chujio la hewa lililojaa vumbi huifanya injini ya dizeli ya zamani itoe moshi mweusi, na moshi huo ni mafuta yasiyoungua vizuri. Baada ya safari, sogeza mkono karibu na kila ringi bila kuigusa: moja ikiwa na joto kuliko wenzake, huenda breki yake inashika. Vifungio vya magurudumu ya mbele navyo vifunguliwe ukirudi lami.

Mwisho, panga safari kwa jibu baya zaidi ulilopata, si lile zuri, kisha uongeze akiba. Akiba hiyo ibebwe kwenye mitungi imara isiyovuja, mbali na abiria. Daftari na kalamu garini ni bei ndogo kuliko lita moja ya dizeli, na siku ya mgonjwa ndivyo vitakavyokuambia kama mtafika.