Lini Mtaturudishia Ushirika Wetu?

Hotuba ya Halmashauri iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa kutimiza miaka kumi ya Chama chetu Kikuu



Katika mkutano mkuu wa mwaka jana, ajenda zilipokwisha na watu walipoanza kutazama upande wa jikoni, alisimama mzee mmoja katika safu za nyuma akaomba ruhusa ya kuuliza. Alipopewa alisema, "Wanangu, nimewasikiliza tangu asubuhi. Sasa nijibuni neno moja tu. Lini mtaturudishia ushirika wetu?" Watu wakaangua kicheko, nasi wa meza kuu tukacheka pamoja nao, maana mzee alikuwa amekaa ndani ya mkutano wa ushirika, juu ya kiti cha ushirika, akingojea chakula cha ushirika. Yeye hakucheka. Aliketi, akaweka mkongojo wake katikati ya magoti, na swali likabaki bila jibu. Hata katika kumbukumbu za mkutano halikuandikwa.

Tulipokutana kuandaa hotuba hii tulikuwa tumekusudia kuhesabu maghala tuliyojenga na miche tuliyogawa. Hayo yamo katika kitabu cha ukumbusho pamoja na picha zake, na atakaye atayasoma. Lakini lile swali lilikuwa limekaa nasi mezani, wala halikukubali kuondoka. Basi maneno yetu ya leo ni jibu la mzee yule, ingawa limechelewa mwaka mzima.

Yafaa kwanza vijana waelewe alikuwa akiulizia kitu gani. Wengi wenu hamkuwa mmezaliwa tarehe 14 Mei 1976. Siku hiyo Serikali ya Tanzania ilivunja vyama vya ushirika vya mazao, vyama vikuu pamoja na vya msingi. Wanachama hawakuulizwa, wala hawakupiga kura. Vinu vya kuchambulia pamba, maghala, magari na majumba yaliyojengwa kwa senti zilizokatwa katika kila ratili ya mazao vilipelekwa kwa mamlaka za mazao na mashirika mengine ya umma. Kahawa ikawa na mamlaka yake, pamba yake, na nafaka ikawa ya Shirika la Usagishaji la Taifa. Kwa sheria ya mwaka 1975 kijiji chenyewe kilihesabiwa kuwa ndicho chama cha ushirika, na mkazi wake mtu mzima akawa mwanachama, awe ametaka au hakutaka.

Sababu zilikuwapo, na si haki kuzificha katika siku ya furaha. Baada ya Uhuru vyama viliongezwa upesi mno. Tangu mwaka 1963, ilipoundwa bodi ya kununua mazao ya chakula, vyama vilianzishwa hata mahali ambapo hapakuwa na mtu aliyeviomba, wala karani aliyejua kufunga hesabu. Tume Maalum ya Rais iliyochunguza mwambo huo mwaka 1966 ilikuta wizi, uongozi dhaifu, wanasiasa walioingiza mikono yao, na zaidi ya yote wanachama wasiojua haki zao. Mkulima wa miaka ile alikuwa na mengi ya kunung'unikia, na wako wazee humu ambao waliposikia vyama vimevunjwa walisema, "Heri." Tusiwasingizie kwamba wote walilia.

Walilia baadaye. Mamlaka zile zilikuwa mbali, gharama zao zilikuwa kubwa, na gharama hizo zilitoka katika bei ya mkulima. Mazao yalipokewa, fedha zikachelewa. Mtu aliporudi kuuliza hakumkuta wa kumwuliza, maana karani wa kituoni hakuwa mtumishi wake tena. Zamani, hata chama kikiwa kibovu, mwanachama aliweza kusimama katika mkutano na kumwambia mwenyekiti, "Umekula." Sasa mahali pa kusimama palikuwa pameondolewa. Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere mwenyewe, alipoulizwa na wageni angefanya nini tofauti kama angepewa kuanza upya, alitaja mambo mawili: asingevunja serikali za mitaa, na asingevunja vyama vya ushirika. Ni viongozi wachache wa dunia waliokiri hivyo wakiwa wangali madarakani.

Vyama vilirudi. Sheria ilipitishwa mwaka 1982, na vyama vikuu vikaanza kufufuliwa katika miaka iliyofuata. Basi mzee wetu aliulizia nini, ikiwa kitu chenyewe kilirudishwa zaidi ya miaka arobaini iliyopita?

Twadhani jibu ni hili: vilivunjwa kwa amri, vikarudishwa kwa amri. Mkulima aliamka asubuhi moja mwaka 1976 akakuta hana chama. Akaamka asubuhi nyingine akakuta anacho, na mara zote mbili alikuwa amelala. Kilichorudi kilikuwa jina, ubao na mhuri. Ilipasa kungoja hadi sheria ya mwaka 1991 ndipo iandikwe wazi kwamba uanachama ni wa hiari na kwamba chama ni mali ya wanachama, si tawi la siasa. Na haukupita muda, biashara ya mazao ikafunguliwa katika mwaka wa 1994, wanunuzi binafsi wakaingia na fedha mkononi, na vyama vingi vilivyokuwa na ubao tu vikaanguka chini ya madeni.

Tazameni kwa upande mwingine jinsi ushirika wenyewe ulivyozaliwa. Kilimanjaro, mwaka 1925, wakulima walianzisha chama chao cha kahawa kwa sababu walowezi walitaka Mwafrika azuiwe kabisa kupanda kahawa ya arabika, kama alivyozuiwa jirani yake wa Kenya. Chama kile kiliingia katika deni wakati wa anguko la bei, na mwaka 1933, baada ya sheria ya ushirika ya mwaka 1932, kikazaliwa KNCU mahali pake. Kule Ziwa Viktoria wakulima wa pamba, kabla hawajanunua hata ratili moja, waliweka kwanza watu wao wa kuhakiki mizani ya wafanya biashara. Kutokana na mwanzo huo ndipo likapatikana, mwaka 1955, lile Shirikisho la Victoria lililosifiwa Afrika nzima. Angalieni kwamba walianza na mizani. Ghala, gari na jengo la ghorofa vilikuja baadaye.

Lakini hata huko Kilimanjaro, ilipoamriwa kila mtu auze kwa chama apende asipende, na bei ikashuka, na watu wasielezwe ni kwa nini imeshuka, mwaka 1937 zilizuka ghasia na vituo vya ununuzi vikashambuliwa. Ushirika ulikuwa na umri wa miaka minne tu. Twalitaja jambo hili kwa kuwa linatuhusu sisi kuliko watu wa zamani.

Tulimwendea mzee nyumbani kwake, mwezi mmoja kabla ya leo, tukamwuliza ni kitu gani hasa anachotaka kirudi. Tulidhani atataja karo za watoto, au dawa za mibuni kwa mkopo, ambavyo vilikuwapo kweli na vimepungua. Alivitaja, lakini mwishoni. La kwanza alisema, "Malipo ya pili." La pili alisema, "Kusomewa."

Kuhusu malipo ya pili yafaa tueleze polepole, maana tumegundua kwamba baadhi ya wanachama vijana huyadhania kuwa ni zawadi. Tuseme mtu ameleta kilo 200 za kahawa kavu. Chama humpa malipo ya awali, tuseme shilingi 3,000 kwa kilo, yaani 600,000. Kahawa hukobolewa, hupangwa madaraja, huuzwa mnadani. Ikiuzwa shilingi 5,000, na gharama zote za usafiri, ukoboaji, ushuru na chama zikawa 1,100, hubaki 900. Hiyo 900 si ya chama. Ni ya mtu yule, na kwa kilo zake 200 ni shilingi 180,000. Mzee alituambia kwamba kwa fedha za malipo ya pili aliezeka nyumba yake bati, na kwamba zilikuja mwezi ambao hakuna mtu mlimani aliyekuwa na senti. Alituonyesha nyumba. Bati ni lile lile.

Sasa twaja mahali pagumu, nanyi mtatuvumilia. Kuna kitu kingine kilichokatazwa ambacho wako watu, hata ndani ya ukumbi huu, wangependa kukiona kikirudi, ingawa hawasemi kwa sauti. Ni yule mnunuzi wa mlangoni. Mwaka 2018 Serikali iliagiza kahawa ikusanywe kupitia vyama vya ushirika, nasi tulishangilia. Wala hatusemi kwamba haikufaa. Ununuzi wa kahawa ikiwa bado mtini, ambao wenzetu wa Kagera huuita butura, umewafukarisha watu wengi, maana hununuliwa kwa robo ya thamani yake wakati mtoto ni mgonjwa. Lakini na tujiulize kwa nini mtu huamua kuuza gizani. Mnunuzi yule hulipa leo. Hamwambii mtu arudi wiki ijayo. Hamkati fedha kwa jambo asilolieleza. Tukitegemea marufuku na askari wa kizuizini kutuletea kahawa, basi tutakuwa na kahawa ya watu bila kuwa na watu wenyewe, na siku amri itakapobadilika, kama zilivyobadilika amri nyingine zote tulizozitaja, ghala litakuwa tupu kufikia magharibi.

Na sisi tumefanya nini kwa miaka hii kumi? Malipo ya pili tumeyalipa, lakini si kila msimu, na msimu mmoja tuliyalipa kwa kuchelewa hata watu wakasahau ni ya kahawa ipi. Hesabu zilizokaguliwa tumezisoma katika mkutano wa wajumbe kwa lugha ya wahasibu, kurasa ishirini kwa nusu saa, kisha tukauliza, "Mmekubali?" Wajumbe wakaitika, kwa kuwa chakula kilikuwa tayari. Katika chama kimoja cha msingi, ambacho hatutakitaja kwa jina, mizani ilikuwa ikipunguza kilo moja na zaidi katika kila gunia msimu mzima. Haikugunduliwa na mkaguzi wetu. Iligunduliwa na mama mmoja aliyepima mzigo wake dukani kabla ya kuuleta. Alipowaambia viongozi wa chama chake aliambiwa kwamba mizani ya duka ndiyo mbovu. Alirudi nyumbani na gunia lake kichwani. Tulipopata habari mizani ilibadilishwa na karani akaondolewa, lakini mama yule hajaleta kahawa kwetu tena, nasi hatuna la kumlaumu.

Huko ndiko "kusomewa" alikokutaka mzee. Katika ujana wake, alisema, baada ya msimu karani alisimama nje ya ghala na kitabu, akasoma jina la kila mtu na uzito aliouleta, na mwenye jina akaitika "Ndivyo" au "Sivyo." Kazi hiyo ilichukua siku mbili na watu waliichoka, walikuwapo waliolala chini ya miti hadi jina lao likafika. Lakini hapakuwa na mtu aliyesema hakijui chama. Sisi tumeweka kitabu chote ndani ya kompyuta, na ni jambo jema, maana halina makosa ya kujumlisha. Ila kompyuta haisimami nje ya ghala.

Kwa hiyo Halmashauri imekata shauri kuleta mbele yenu mapendekezo, nayo yatapigiwa kura alasiri hii, si kuitikiwa. Kila chama cha msingi kisome uzito na fedha za kila mwanachama hadharani mwishoni mwa msimu, kwa majina. Bei ya mnada na kila gharama iliyokatwa ibandikwe ukutani kwa Kiswahili chepesi kabla ya malipo ya pili. Wanachama wa kila kituo wachague wenyewe watu wawili wasio viongozi, wapewe jiwe la kupimia la kilo 20 lililohakikiwa na Wakala wa Vipimo, nao wawe na haki ya kuliweka juu ya mizani asubuhi yoyote bila kuomba ruhusa kwa mtu. Na ikiwa malipo ya pili hayapatikani katika msimu fulani, Halmashauri iende katika kila chama kueleza kwa midomo yake, isitume barua.

Wako wenzetu katika Halmashauri waliopinga pendekezo la kusoma majina. Walisema kwamba mapato ya mtu ni siri yake, na kwamba jirani akijua kilo zako hujua na mfuko wako. Neno lao lina uzito, na huenda mkaona yafaa kusoma kilo bila fedha. Hilo ni lenu kuamua.

Mzee aliyeuliza swali hayupo ukumbini leo kwa sababu miguu imemkatalia. Amemtuma mjukuu wake wa kike, ambaye amejiandikisha mwanachama mwezi uliopita kwa kiingilio chake mwenyewe, na ambaye atapiga kura. Mizani ya ghala letu imeletwa hapa nje, chini ya mwembe, pamoja na lile jiwe la kilo 20. Kabla ya chakula, tafadhalini piteni mpime.