Kisu Chenye Kiasi

Wasikilizaji, kwa muda mrefu kanuni ya matabibu wapasuaji, kila walipokabiliwa na saratani ya dhakari, ilikuwa kukata sentimita 2 nzima za nyama yenye afya kupita mpaka wa donda, na kwa kuwa kiungo chenyewe si kirefu, hesabu hiyo aghalabu haikumbakishia mgonjwa cha kuendea haja ndogo kwa kusimama, sembuse cha unyumba. Uchunguzi uliofanywa Uingereza mwanzoni mwa karne hii ulidhihirisha kwamba milimita chache zaweza kutosha, maadamu kingo za kilichokatwa zimetazamwa kwa hadubini zikaonekana safi. Basi leo, uvimbe ukiwa haujapenya ndani, tabibu huondoa kichwa cha uume peke yake, akaifunika ncha iliyobaki kwa ngozi nyembamba iliyochunwa pajani.

Ni kweli saratani hurejea pale pale mara nyingi zaidi kuliko kiungo kinapoondolewa chote, lakini ikiwahiwa hukatwa tena, wala uhai haupungui kwa hilo. Kinachoua hasa ni mitoki ya kinena ikishaingiliwa.

Taabu ni kwamba mwanamume huficha kidonda (na nani wa kumlaumu, katika jambo la sitara kama hili?) hata kikaoza, na kilichooza hakihifadhiki. Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, kidonda cha hapo kisichopona kwa majuma 4, hata kama hakiumi, kipeleke hospitali.