Kujiweka Tayari kwa Mtihani wa Kiingereza cha Biashara



Jioni hii twapenda kuzungumza nanyi, hasa ninyi vijana wa Kilosa na Mikumi mnaojiweka tayari kwa mtihani wa kuandika na kusema Kiingereza cha biashara. Sababu ya juhudi yenu twaijua. Mikumi iko kando ya barabara kuu iendayo Iringa na Zambia, na hifadhi yake ya wanyama, iliyowekwa mwaka 1964, huleta wageni wa mataifa mengi. Kilosa ni mji wa reli tangu zamani, na mwaka 2024 treni ya umeme ilianza kupita hapo ikienda Dodoma. Penye wageni na mizigo hapakosi barua, na nyingi katika zile zitokazo ng'ambo huandikwa kwa Kiingereza. Ajuaye kuzijibu vema ana mlango wa kazi.

Neno la kwanza, tujue mtihani wapima nini. Wengi hudhani kuwa wapima wingi wa maneno makubwa. Sivyo. Wapima kama mtu asiyekujua, akiisoma barua yako, atajua la kufanya. Tazameni mtihani wa Cambridge wa ngazi ya kati ulivyopangwa. Sehemu ya kuandika ni dakika 45: kwanza ujumbe wa maneno 40 hadi 50 kwa watu wa kazini mwako, kisha barua, taarifa au pendekezo la maneno 120 hadi 140. Katika nafasi ndogo hivyo maneno ya kujionyesha hayana mahali.

Neno la pili ni kuandika. Kwa desturi yetu, barua huanza kwa salamu, na hali za nyumbani, na habari za mvua, ndipo haja ije mwishoni, kama mgeni asiyetaja shida yake kabla hajaketi akanywa maji. Hiyo ni adabu njema, wala hatuwaambii muiache. Lakini barua ya biashara ya Kiingereza ina adabu yake nyingine, nayo ni kutompotezea mwenzio wakati.

Tuseme hoteli moja ya Mikumi imeagiza magunia 20 ya mchele kwa mfanya biashara wa Kilosa, yakafika 18. Kijana mmoja ajaza ukurasa mzima kwa masikitiko, asitaje hesabu hata mara moja. Wa pili aandika sentensi nne tu: siku walipoagiza, idadi iliyoagizwa na iliyofika, ombi kwamba magunia mawili yaliyosalia yaletwe kabla ya Ijumaa, na shukrani. Huyu wa pili atapata alama, na hoteli yake itapata mchele.

Basi andikeni barua moja kila jioni, saa ikiwa mezani. Kesho yake mpe mwenzio aisome, umwulize, “Barua hii yataka nini?” Akishindwa kujibu, iandike upya. Wala msikariri barua nzima za vitabuni, kwa kuwa swali likibadilika, barua uliyoikariri itajibu jambo usiloulizwa.

Neno la tatu ni mitego itokayo katika lugha yetu wenyewe. Sisi twasema “yeye” kwa mwanamume na kwa mwanamke, nao Waingereza hutenga “he” na “she”. Sisi twasema “kuazima” kwa atoaye na kwa apokeaye, nao wana maneno mawili. Ukiyageuza, mdai amekuwa mdaiwa. Na mtego mkubwa kupita yote ni saa. Saa mbili yetu ya asubuhi kwao ni nane. Mwambie mgeni kwamba gari la kwenda hifadhini laondoka “two o'clock”, naye atakuja saa nane mchana, dereva amekwisha kuchoka kumngoja, na simba wamelala vivulini. Kila mwandikapo saa, hesabuni mara mbili.

Neno la nne ni kusema. Katika mtihani ule tuliotaja, watahiniwa wawili huingia pamoja mbele ya watahini wawili: mmoja huuliza, wa pili husikiliza na kutia alama. Kila mtahiniwa hunena peke yake kwa muda wa dakika moja hivi, kisha wawili hao hushauriana juu ya jambo moja la kazi. Kwa hiyo kusoma kimya hakutoshi. Tafuta mwenzio, chagueni jambo, kama vile namna ya kumchagua mwuza mchele. Toa sababu mbili, umalize, umwachie naye. Hayo si mashindano. Anyakuaye wakati wote aonyesha kuwa hajui kushauriana na watu. Usiposikia swali, omba kwa adabu lirudiwe. Kuuliza si ujinga.

Hapa twataka kusema na ninyi wazazi na jamaa pia. Wengi wameshindwa kusema Kiingereza si kwa kukosa akili, bali kwa kuogopa kuchekwa. Kijana akijaribu barazani, huyu asema ajivuna, yule acheka kosa lake. Kesho hanyanyui mdomo. Mwacheni akosee nyumbani, ambako kosa halina gharama, ili asikosee mbele ya mtahini.

La mwisho, siku yenyewe. Atakayefanyia mtihani Morogoro au Dar es Salaam, na mvua zikiwa nyingi, asafiri siku moja kabla. Watu wa Kilosa wajua jinsi mto Mkondoa uwezavyo kuharibu njia. Usiku huo asikeshe na vitabu, bali alale. Asubuhi asome swali mara mbili, ajiulize ni nani atakayeipokea barua yake na atatakiwa kufanya nini, ndipo ashike kalamu.