Kuchagua Mita ya Kupimia Umeme



Gesi asilia iligunduliwa Mnazi Bay mwaka 1982, na zaidi ya miaka 20 ilipita kabla haijaanza kuwasha taa za Mtwara. Leo nyaya za umeme na paneli za sola si jambo geni kuanzia Mikindani hata Msimbati, na kijana anayefungua redio barazani hakosekani. Chombo anachokihitaji kwanza ni multimita ya tarakimu, isomayo volti, ampea na omu.

Wanunuzi wengi hutazama bei na wingi wa alama usoni. Lililo la maana limeandikwa kwa herufi ndogo karibu na matundu ya nyaya: CAT II au CAT III, pamoja na volti zake. Umeme wa nyumbani ni volti 230, lakini radi ikipiga laini, maelfu ya volti huweza kupita kwa kitambo kidogo mno, na mita dhaifu hupasuka mkononi. Anayepima soketi na meni swichi achague CAT III ya volti 600, yenye fyuzi madhubuti. Hata hivyo herufi hizo mtu yeyote aweza kuzichapa. Mita ya bei ya kutupa ibaki kwenye betri za tochi.

Kosa kubwa ni kuacha waya mwekundu katika tundu la ampea, kisha kugusa soketi. Hapo mita huunganisha nyaya mbili za umeme moja kwa moja.

Betri ya sola ya asidi ya volti 12 iliyojaa, ikipumzika saa kadhaa, husoma karibu 12.7, ikisoma 12.0 imepungua sana. Lakini wapo wanaotupa betri nzima kumbe klipu yake imeota kutu kwa chumvi ya bahari. Taa zikiwaka, ncha moja iguse nguzo ya betri na nyingine klipu yake: pakisomeka nusu volti, ubaya uko kwenye kiungo, nacho kisuguliwe. Kipimo hicho cha dakika moja huokoa gharama ya betri mpya.

Kabla ya kuamini kwamba waya hauna umeme, mita ijaribiwe kwanza penye umeme, kisha ijaribiwe tena baadaye. Kutandika nyaya ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EWURA.

Penye wanachama wasiomudu mita nzuri kila mmoja, chama chaweza kununua moja, ikae kwa Katibu, iazimwe kwa daftari.