Mbalamwezi na Ajira ya Siri
Neno la Kiingereza “moonlighting” lilienea Marekani katika miaka ya 1950 kwa maana ya kushika ajira ya pili, aghalabu bila mwajiri wa kwanza kujua. Kabla yake, nchini Ireland katika miaka ya 1880, lilihusu uvamizi wa usiku katika mgogoro wa ardhi. Kwa Mswahili taswira hiyo haifichi kitu: mbalamwezi ni wakati wa watoto kucheza uani, siri hukaa gizani. Basi mfasiri hukimbilia “kazi ya ziada”, na hapo huumiza watu. Kazi ya ziada hufanywa kwa mwajiri yuleyule, naye huilipia. Mkataba unaoikataza humzuilia mfanyakazi malipo hayo, ukamwacha huru mwenye kibarua cha siri kwingine. “Kazi ya pembeni” inakaribia zaidi, ingawa siri yenyewe haimo.