Kauli ya Kiongozi Inapofika Mahakamani



Mwanasiasa ni mtu wa maneno. Seremala hujulikana kwa meza aliyoiunda na mkulima kwa shamba alilolipalilia. Mwanasiasa hujulikana kwa yale aliyoyatamka jukwaani na redioni. Kwa sababu hiyo watu wengi wamezoea kuyachukua maneno hayo kama upepo: yanavuma, yanapita, na kesho mwenyewe huyakana akidai kwamba alieleweka vibaya. Lakini yako maneno yasiyopita. Hubaki katika utepe wa kinasa sauti, katika kumbukumbu za mkutano, na zaidi ya yote katika vichwa vya wale waliohudhuria. Na iko siku huletwa mbele ya majaji.

Yafaa kwanza kutenganisha mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. Kauli ya kiongozi huingia katika kesi ya jinai kwa milango miwili. Mlango wa kwanza ni ule wa kuthibitisha nia. Mtu akishtakiwa kwa mauaji, na ikadhihirika kwamba juma moja kabla yake alitangaza hadharani kuwa fulani hatauona mwezi mpya, maneno hayo peke yake si kosa la kuua. Yanaonyesha tu nini kilikuwa moyoni mwake. Mlango wa pili ni mzito zaidi. Hapo maneno yenyewe ndiyo kosa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1948 kuhusu mauaji ya kimbari unataja, katika ibara yake ya 3, uchochezi wa moja kwa moja na wa hadharani kuwa jinai inayojitegemea. Mchochezi anaweza kutiwa hatiani hata kama hakuna aliyeinua panga kumtii.

Mji wa Arusha uliyashuhudia hayo kwa karibu. Mahakama ya Kimataifa kuhusu mauaji ya Rwanda, iliyoundwa na Baraza la Usalama kwa azimio namba 955 la Novemba 8, 1994, ilifanya kazi zake mjini humo hadi ilipofungwa Desemba 31, 2015. Hukumu yake ya kwanza, iliyotolewa Septemba 2, 1998, ilimhusu Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa mkuu wa komuni ya Taba katika mkoa wa Gitarama. Walimu pengine watasikitika kujua kwamba mtu huyo alikuwa mwenzao: alifundisha, kisha akawa mkaguzi wa shule, na ndipo akaingia katika siasa kwa tiketi ya chama cha upinzani.

Kesi ya Akayesu ina jambo la kufunza kwa sababu hakuanza kama mchochezi. Majaji walikubali kwamba katika siku za mwanzo za Aprili 1994 alijaribu kuzuia umwagaji wa damu katika komuni yake. Aprili 18 viongozi wa serikali ya muda walikutana na wakuu wa komuni huko Murambi, Gitarama, na baada ya hapo mwenendo wake ukabadilika. Alfajiri ya Aprili 19, mahali paitwapo Gishyeshye, palikuwa na umati wa watu zaidi ya mia moja uliokusanyika penye maiti ya kijana mmoja wa Interahamwe. Akayesu alisimama mbele ya umati huo akawahimiza waungane kumwangamiza yule aliyemwita adui wao wa pekee, yaani washirika wa Inkotanyi. Hakutamka neno Mtutsi.

Je, mtu ambaye hakuwataja Watutsi anawezaje kutiwa hatiani kwa kuchochea mauaji ya Watutsi? Swali hilo lilijibiwa kwa msaada wa mtaalamu wa lugha. Majaji walielezwa historia ya neno Inkotanyi, tangu lilipokuwa jina la kikosi cha mashujaa wa zamani mpaka lilipochukuliwa na wapiganaji wa chama cha RPF. Kisha wakaelezwa jinsi lilivyotumika mwaka 1994, wakati ambapo vinywani mwa wasemaji wengi lilimaanisha Mtutsi yeyote, awe mpiganaji au mtoto mchanga. Kwa hiyo mahakama haikutafuta maana ya neno katika kamusi. Iliitafuta katika masikio ya wale waliosimama Gishyeshye asubuhi ile. Mashahidi walisema walivyoelewa, na mshtakiwa mwenyewe alikuwa akijua wataelewa nini. Mauaji makubwa yakafuata katika Taba.

Kazi hiyo haikuwa nyepesi. Hapakuwa na utepe wa hotuba ile. Palikuwa na kumbukumbu za watu. Shahidi alisema kwa Kinyarwanda, mkalimani akayatia maneno yake katika Kifaransa, mwingine akayatoa katika Kifaransa akayatia katika Kiingereza, na katika kila kivuko kitu kidogo kingeweza kuzama. Tena majaji walitambua kwamba katika mazungumzo ya Wanyarwanda si kila swali hujibiwa moja kwa moja, na kwamba kuzunguka katika jibu si lazima kuwe dalili ya uongo. Nani asiyelijua hilo katika nchi hizi zetu? Oktoba 2, 1998, Akayesu alihukumiwa kifungo cha maisha.

Mwezi mmoja kabla yake, Septemba 4, mahakama hiyo hiyo ilikuwa imemhukumu Jean Kambanda, waziri mkuu wa serikali ya muda. Huyu hakubishana juu ya tafsiri. Alikiri makosa, na miongoni mwa aliyoyakiri ni hotuba zake za kuchochea na kulitia moyo shirika la redio la RTLM. Alikiri pia jambo jingine ambalo linatisha kuliko hotuba: kwamba Mei 3, 1994 aliombwa awalinde watoto walionusurika mauaji hospitalini, naye hakujibu neno. Watoto hao waliuawa siku hiyo hiyo.

Hata hivyo, hapana budi tahadhari iwepo. Sheria inayomfunga mchochezi inaweza, mikononi mwa watawala wasiopenda kusahihishwa, kugeuzwa kamba ya kumfunga kila anayesema kwa ukali. Siasa ina ukali wake, na ulimi hauna mfupa. Ndiyo maana mahakama zilizofanya kazi hii kwa uangalifu zimedai nia ithibitishwe, na hazikutosheka na chuki peke yake. Huko Nuremberg mwaka 1946, Julius Streicher alinyongwa kwa sababu ya maandishi na hotuba zake za kutaka Wayahudi waangamizwe. Lakini Hans Fritzsche, aliyekuwa akisema redioni kwa niaba ya utawala ule ule, aliachiwa huru, kwa kuwa majaji hawakuona kwamba alikusudia kuwachochea Wajerumani watende ukatili. Wako waliokasirishwa na uamuzi huo. Bila ya uamuzi wa aina hiyo, lakini, mashtaka ya uchochezi yangekuwa mtego tu.

Ugumu wa kupima nia ulionekana waziwazi katika shauri la Léon Mugesera, mhadhiri wa chuo kikuu na kiongozi wa chama tawala cha MRND mkoani Gisenyi. Novemba 22, 1992 alihutubia mkutano wa chama huko Kabaya, na mara hii sauti ilinaswa. Miongoni mwa aliyoyasema ni kwamba makao ya Watutsi ni Ethiopia, na kwamba watarudishwa huko kwa njia ya mkato, kupitia mto Nyabarongo. Waziri wa sheria wa wakati ule alitoa hati ya kumkamata. Mugesera akakimbia, na mwaka 1993 akafika Kanada.

Huko shauri la kumfukuza nchini lilichukua miaka mingi. Mwaka 2003 Mahakama ya Rufani ya Shirikisho iliisoma hotuba ile ikaona kuwa ni siasa kali tu, kwani ndani yake msemaji alitaja pia uchaguzi na sheria. Mwaka 2005 Mahakama Kuu Kabisa ya Kanada iliusoma utepe huo huo ikaona vingine: Nyabarongo si mto wa kusafiria kwa meli, na waliosikiliza Kabaya walijua kwamba katika mauaji ya miaka ya nyuma maiti zilitupwa ndani yake. Maji ya Nyabarongo huingia Akagera, na Akagera huingia Ziwa Victoria. Mwaka 1994 watu waliokuwa Rusumo, mpakani mwa Tanzania, waliona maiti zikipita, na wavuvi wa upande wa Uganda walizitoa ziwani zikazikwa.

Mugesera alirudishwa Rwanda Januari 2012. Aprili 2016 mahakama ya Kigali ilimhukumu kifungo cha maisha kwa uchochezi na makosa mengine, ingawa si kwa mashtaka yote aliyosomewa. Msingi wa kesi ulikuwa ile hotuba ya Kabaya, iliyotolewa karibu mwaka mmoja na nusu kabla ya mauaji kuanza.