Musichome Plake: Maneno ya fundi wetu wa simu mbele ya mukutano mukuu



Munanijua. Kambini Nyarugusu nilikuwa natengeneza simu, na tangu turudi Baraka ni kazi ile ile. Mwezi uliopita kijana wetu mumoja alitia plake za simu mbovu ndani ya ndoo ya asidi, nyuma ya jikoni ya mama yake, akitafuta dhahabu. Asidi ikamurukia. Mukono unapona, lakini kikohozi hakijaisha. Na dhahabu? Hata ya kutosha kipini hakupata.

Hawakumudanganya. Dhahabu iko. Tani moja ya simu za kuzeeka, bila batri, inabeba karibu gramu 300. Tani ya mawe ya mugodi mara nyingi inatoa kama gramu 5 tu. Lakini tani ile ni simu 10,000 hivi. Gawanyeni: kila simu gramu 0.03, na ndoo haiitoi yote.

Wenye kuitoa vizuri wako. Pale Hoboken, Ubelgiji, kuna kiwanda cha Umicore. Wazee watajua jina lake la zamani: Union Minière, wale wa shaba ya Katanga. Leo wanachimba simu! Plake zinayeyushwa katika tanuru, plastiki yenyewe inawaka kama kuni, shaba inakusanya dhahabu, feza na paladi, na moshi unakamatwa usafishwe. Kisha wanatenganisha madini moja moja; kwa jumla wanatoa aina 17. Tantali, ile ya koltani yetu, hapana, inapotea katika takataka ya tanuru. Kwa hiyo mutu akisema ananunua simu zenu atoe koltani, mumuulize vizuri.

Na hata kule, pamoja na machujio yote, mwaka 2020 watoto wa mutaa wa jirani walipimwa damu, wakakutwa na madini ya risasi kupita kiasi. Sasa sisi na ndoo?

Ninaomba hivi: musichome waya, musitie asidi, muchunge plake nzima. Kuzivusha mupaka kunaomba makaratasi ya Mukataba wa Basel. Tangu 1 Januari 2025 hata takataka za elektroniki zisizohesabiwa kuwa na sumu zinataka ruhusa ya inchi zinazohusika. Mutu mumoja na mufuko wake hawezi. Chama, na kilo nyingi, kinaweza kujaribu.

Wafadhili, hatuombi tanuru. Tunaomba chumba chenye kufuli, mizani, na mutu anayejua makaratasi yale. Faida itachelewa, sitawaficha. Kijana mwenye njaa leo hatangoja miezi, ndiyo maana ninaomba komite imulipe kidogo kwa kila kilo atakayoleta, mbele ya sisi kuuza.

Batri ya kuvimba musiichanganye na zingine. Muiweke katika muchanga mukavu, inje ya nyumba, muniite. Nitakuja kuichukua mwenyewe.